Paa Lililoanzia Juu

"Hayo maji ni yako," kinyozi alisema.

"Mvua ni ya Mungu," Mama Sare akamjibu.

"Ikiwa huko juu ni ya Mungu. Ikishapita kwenye bati lako ni yako, na sasa hivi imekaa kwenye kiti changu cha wateja."

Walikuwa wamesimama kwenye ujia uliotenganisha nyumba zao, ujia mwembamba ambao mtu mwenye beseni kichwani na mwingine mwenye ndoo hawakuweza kupishana bila mmoja kurudi nyuma. Kinyozi alikuwa bado ameshika mkasi na kitana. Nyuma yake, kibarazani, mteja aliketi na taulo shingoni, upande mmoja wa kichwa umepunguzwa na wa pili bado, naye alikuwa ameloa kuanzia utosini mpaka kwenye soksi. Alikuwa mtu mpole. Alikuwa anasubiri wamalize.

"Huyu alikuja kukatwa nywele," kinyozi alisema, akimwonyesha kwa kidole gumba. "Sasa anaondoka ameogeshwa. Je, aliniomba nimwogeshe?"

"Sikuomba," mteja alisema.

"Msogeze basi. Kibaraza chako ni kirefu."

"Kiti kimechimbiwa, mama. Kinazunguka, hakihami."

Mama Sare hakuwa mtu wa kuukimbia ugomvi wa mchana, hasa ule unaopata watazamaji, na watazamaji walikuwa wameshaanza kusogea. Mwenye genge aliziacha nyanya zake na kuja na kigoda kabisa. Lakini siku hiyo kulikuwa na magauni kumi na manne ya shule yaliyokuwa yanangoja vifungo, kwa hiyo Mama Sare alikata maneno, akavuka ujia, akapanda kibaraza cha kinyozi na kutazama juu.

Mvua ilikuwa ya rasharasha. Matone yalitua kwenye mabati mapya ya nyumba yake, yakatulia kidogo kama wageni wanaotafuta mlango ni upi, halafu yakaanza kupanda. Yalipanda taratibu, kwa mistari iliyonyooka, kila mstari kwenye bonde lake la bati, kutoka ukingo wa paa mpaka kileleni. Kileleni yalijikusanya, yakaenda mbio kwa urefu wa nyumba, yakafika mwisho wa paa upande wa kinyozi na kuruka. Yalitua katikati ya kiti.

"Yanapanda," Mama Sare alisema.

"Ndicho ninachokwambia tangu asubuhi."

"Nilisikia unasema yanaruka."

"Yanapanda kwanza. Yakishapanda ndiyo yanaruka."

"Kwa shangazi yangu yalikuwa hivyo," mwenye genge alisema kutoka kwenye kigoda chake, "ila upande mmoja tu."

Mama Sare alitazama tena. Alikuwa ameishi kwenye nyumba hiyo siku tisa, na hiyo ilikuwa mvua yake ya kwanza. Kabla ya hapo alishona miaka kumi na miwili kwenye chumba cha kupanga, sare za shule tatu, kola kwa kola, mpaka watu wakasahau kwamba aliwahi kuwa na jina jingine. Nyumba aliyoipata kwa sindano ilikuwa na vyumba vitatu vidogo na sebule kubwa kuliko vyote vitatu vikiunganishwa. Mwashi alimwambia hesabu hiyo haijakaa vizuri. Yeye akamwambia kulala mtu analala peke yake, lakini kukaa watu wanakaa ishirini, kwa hiyo ajenge alivyoambiwa.

Chumba cha katikati hakikuwa cha kwake. Kilikuwa cha Dada Mkubwa, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Dada Mkubwa alikuwa na kifua kibovu na alikaa kwenye chumba cha kupanga karibu na mtaro, chumba ambacho ukuta wake ulitoka jasho kiangazi na masika. Muuguzi alishasema zaidi ya mara moja kwamba dawa itafanya nusu ya kazi, nusu nyingine itafanywa na chumba kikavu. Nyumba yote, tangu msingi, ilijengwa ikizunguka chumba hicho kikavu. Sebule ilikuwa ni raha ya Mama Sare. Chumba kilikuwa ndiyo sababu.

Kwa hiyo alipotoka kwa kinyozi hakwenda kwenye magauni. Aliingia chumba cha katikati, akainua uso. Dari ilikuwa haijawekwa bado, mbao na mabati vilionekana wazi. Alipapasa sakafu kwa kiganja, akapapasa ukuta, akapanda juu ya kiti na kupapasa mbao. Ndani palikuwa pakavu kama kopo la biskuti. Juu ya kichwa chake alisikia maji yakipanda, sauti kama ya kitambaa kirefu kinachovutwa kutoka mezani.

Alijua kilichotokea. Alikijua vizuri kuliko alivyopenda.

Aliyeezeka paa aliitwa Fundi Hamna Shida, kwa sababu hilo ndilo jibu alilokuwa nalo. Alikuwa na penseli sikioni na tabasamu la mtu anayekaribia kumaliza, hata siku ya kuanza. Watu walimpenda. Hajawahi kumkatalia mtu kitu. Ukimwambia mlango ufungukie nje, unafungukia nje. Ukibadili mawazo, anakubali kwamba hata yeye alikuwa anafikiria hivyo.

Nyumba ya Mama Sare ilikaa chini kidogo ya barabara, na mbele yake kulikuwa na ukuta wa ghala. Mtu aliyepita barabarani aliona sehemu ya juu tu ya paa, pengine urefu wa mikono miwili. Na Jumamosi ile, wiki ambayo mabati yalishushwa, mawifi zake wawili walikuwa wapite kwenye barabara hiyo kwenda kumwona mgonjwa. Mawifi hao ndio waliosema, mume wa Mama Sare alipofariki, kwamba mtu wa cherehani akijenga nyumba waitwe waje kushangaa. Hakuwa na mpango wa kuwaita. Alitaka tu wapite.

"Fundi, Jumamosi paa langu lionekane barabarani," alimwambia.

"Hamna shida."

"Basi anzia juu."

"Hamna shida."

Fundi mwingine yeyote angeweka nyundo chini na kucheka. Mabati huanzia chini. Unapiga mstari wa ukingoni kwanza, unaofuata unaulalia wa kwanza, unapanda hivyohivyo kama magamba ya samaki, ili maji yakiteremka yatoke mgongo mmoja hadi mwingine bila kuona mwanya. Fundi Hamna Shida alianzia juu. Alipofika mstari wa pili alijaribu kuuchomeka chini ya ule wa kwanza, akakuta misumari imeshapigwa, akaulaza juu yake. Wa tatu akaulaza juu ya wa pili. Alipomaliza, kila ungio la paa lilikuwa mdomo uliofunguka kuelekea juu. Ikabaki kofia, lile bati lililokunjwa la kufunika kilele. Kwa kuwa ilikataa kukaa, aliigeuza tumbo juu, ikakaa vizuri kama mtumbwi.

Jumamosi mawifi walipita. Habari zilizomfikia Mama Sare, kupitia kwa watu watatu wasiofahamiana, ni kwamba mmoja wao aligeuza shingo kwa muda mrefu mpaka ikamuuma siku mbili. Alifurahi wiki nzima.

Maji ya kawaida yangeingia ndani kwa kila ungio na kumaliza mambo. Haya yalifika, yakatazama mpangilio, yakaona kwamba kwa njia ilivyoandaliwa anayetaka kupita bila kukwama sharti apande. Yakapanda.

Dada Mkubwa alikuja mvua ya pili, kabla haijaanza. Alikuja na mwavuli, fimbo na koti la sufi, akakataa chai, akakataa kiti. Alisimama kwenye ujia mvua yote, mdomo wazi kidogo, akilitazama paa kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Mama Sare alisimama pembeni yake akishikilia mwavuli.

"Yanapanda," Dada Mkubwa alisema mvua ilipokatika.

"Ndani ni pakavu, dada. Ingia ushike ukuta."

"Sina haja ya kushika. Naamini."

"Basi lini tulete kitanda?"

Dada Mkubwa alikohoa, akangoja kikohozi kipite, akafuta mdomo. "Mdogo wangu, leo yanapanda. Siku yakikumbuka kwamba maji huteremka, yatanikuta kitandani."

"Fundi anasema hayana shida."

"Huyo hata nyumba ikiungua atasema hivyo. Sikiliza. Alirudie paa, au aje akae mwenyewe kwenye hicho chumba mvua ikinyesha, tone la kwanza mpaka la mwisho. Mimi nitakaa mbele yake nimtazame usoni. Nikiridhika na uso wake, nahamia."

Akarudi kwenye chumba chake cha karibu na mtaro.

Fundi aliitwa, akaja. Alisimama kwenye kibaraza cha kinyozi akiwa na penseli sikioni na kutazama maji yakipanda bati lake, kutoka chini mpaka juu, mara kadhaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyaona. Kinyozi, aliyekuwa anamtazama kwa makini, alisema baadaye kwamba fundi alimeza mate mara moja tu.

"Ndivyo nilivyokusudia," fundi alisema.

"Na kiti changu ulikikusudia?" kinyozi aliuliza.

"Hapo unaweka mfereji. Hamna shida."

Akaahidi kuuleta kesho. Kesho tatu zilipita. Mwishowe Mama Sare na kinyozi walichukua kipande cha bati kilichobaki, wakakikunja wenyewe kwa goti na kipande cha ubao huku wakitukanana kwa adabu, wakayaelekeza maji kwenye pipa la kinyozi. Kinyozi aliyaonja, akayaona laini, akaanza kuwaosha wateja vichwa kabla ya kuwakata. Yalikuwa na ubaridi wa juu na hayakuacha chumvi kwenye ngozi. Baada ya mvua mbili, foleni ilifika kwenye genge. Ugomvi wa ujiani haukuisha kwa sababu hiyo, kwani wote wawili walikuwa wameuzoea. Ulihamishiwa tu kwenye suala la nani mwenye pipa.

"Pipa ni langu," kinyozi alisema kila asubuhi.

"Yaliyomo ndani?"

"Yaliyomo tuyaachie hapo hapo."

Watu walianza kuja kutazama. Walikuja wakiona wingu, wakakaa kwenye sebule ya Mama Sare kungoja, na mvua isiponyesha walikaa vilevile. Watu ishirini waliingia, kama alivyomwambia mwashi, na wengine sita wakakaa mlangoni. Mama Sare alishona huku akiwasikiliza. Alijua nani amemwacha nani, nani amepata kazi kwa mlango wa nyuma, na mtoto wa nani anafanana na nani. Hakuwahi kuwa na furaha kama hiyo. Jioni alihesabu vikombe, akakuta kila kimoja kimetumika, akavisuuza akiimba.

Lakini chumba cha katikati kilikuwa kitupu. Alikifagia kila asubuhi, kikavu, akafunga mlango.

Fundi naye alikuja, siku hizi akiwa na watu waliovaa mashati ya mikono mirefu. Aliwasimamisha ujiani, akaonyesha juu kwa penseli. "Kazi yangu hiyo," alisema. "Hakuna tone ndani. Muulizeni mwenyewe." Nao walimuuliza Mama Sare dirishani, na Mama Sare, akiwa na sindano mdomoni, alisema ndiyo, ndani hakuna tone. Ilikuwa kweli.

Katikati ya msimu, kifua cha Dada Mkubwa kilikaza. Mama Sare alimpeleka zahanati, wakashikana mikono njia nzima, mvua nyepesi ikinyesha. Zahanati ilikuwa imeezekwa upya, mabati yaking'aa kama kwake. Ndani kulikuwa na mabeseni. Yalipangwa chini kwa mistari miwili iliyonyooka, na vitanda vilikuwa vimesogezwa vikae katikati ya mistari hiyo. Muuguzi alipita akiruka mabeseni kwa mwendo wa mtu aliyeshazoea.

"Hapo panadondoka, mama, sogea huku," alimwambia Dada Mkubwa. "Huku nako panadondoka, ila kidogo."

Mama Sare alitazama juu. Hapakuwa na dari. Aliona ungio la kwanza, la pili, la tatu, na katika kila moja bati la chini limelalia la juu.

"Nani aliezeka hapa?"

"Aliyeezeka kwako. Mabosi walikuja kwako kuona mfano. Si walikuuliza dirishani?"

Msimamizi wa zahanati alikuwa kwenye chumba chake, akiandika chini ya mwavuli uliofungwa kwa kamba kwenye mgongo wa kiti. Alimkaribisha Mama Sare vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwako yanapanda?" aliuliza.

"Yanapanda."

"Na kazi ni ileile?"

"Ileile. Imekosewa vilevile."

"Basi unaona, mama. Kazi ileile, kwako yanapanda, kwetu yanaingia. Tatizo ni mvua ya upande huu. Nimeshaandika." Alimwonyesha barua. Ilikuwa na mwandiko mzuri, na kweli ilisema kwamba mvua ya eneo hilo haijatoa ushirikiano. "Paa lenyewe tulishalipokea. Nilisaini siku lilipokamilika, na siku hiyo hapakuwa na tone."

"Siku hiyo kulikuwa na jua."

"Ndiyo. Hapakuwa na tone."

Aliporudi ukumbini alimkuta Dada Mkubwa ameketi kwenye benchi, chupa ya dawa mkononi, tone likimwangukia gotini, moja, halafu jingine. Hakuhama. Alikuwa amechoka kuhama. Mama Sare aliliweka begi lake kwenye goti la dada yake, wakakaa hivyo wakiangalia begi likiloa. Alifikiria mawifi zake. Alifikiria shingo iliyouma siku mbili, na jinsi alivyoifurahia.

Kesho yake alimtafuta Fundi Hamna Shida. Hakupata tabu. Alikuwa shule kubwa, ile yenye watoto mia nne, juu ya paa la madarasa. Mstari wa kwanza wa mabati ulikuwa umeshapigwa, kileleni.

"Fundi, shuka."

Alishuka, akajifuta mikono, akatabasamu.

"Kwa nini unaanzia juu?"

"Ndiyo mtindo, mama."

"Mtindo wa nani? Mimi nilikwambia anzia juu kwa sababu ya mawifi zangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulinieleza siku ile. Mmoja mnene, mmoja ana macho ya kukodoa."

"Ungenikatalia, fundi."

"Mteja hakataliwi."

"Na kama ningekwambia uanzie hewani?"

Fundi alifikiria. Lilikuwa swali ambalo hajawahi kuulizwa, na alilipa heshima yake. "Ningeuliza hewa ya upande gani," alisema.

Mama Sare alijikuta anacheka, na alikasirika kwa kucheka. Alimwambia sharti la dada yake: alirudie paa, au aje akae chumbani mvua nzima.

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu."

"Kwenye kiti?"

"Kwenye kiti."

"Hamna shida," fundi alisema, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

Alikuja Alhamisi mchana, wingu likiwa limeshuka mpaka kwenye nguzo za umeme. Dada Mkubwa alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi kwenye mlango wa chumba cha katikati, fimbo mapajani, na yeye mwenyewe alikuwa ameweka kiti cha fundi katikati kabisa ya chumba. Mama Sare alisimama dirishani. Kwenye jiko la nyuma sufuria la wali lilikuwa linaelekea kukauka, na la maharage lilikuwa tayari.

"Shikamoo, mama," fundi alimsalimu Dada Mkubwa.

"Marahaba. Karibu kiti."

Fundi aliingia. Alikitazama kiti. Halafu alitazama juu, haraka, kama mtu anayeangalia saa ya mwenzake bila kutaka aonekane. Juu ya kiti, sawasawa, lilipita ungio la mstari wa tatu. Alikishika kiti kwa mgongo, akakisogeza hatua mbili na nusu kuelekea ukutani, akaketi.

"Huku kuna mwanga," alisema.

Dada Mkubwa alikitazama kiti kilipohamia.

Mvua ilianza. Haikuwa rasharasha. Ilikuwa mvua nene, ya moja kwa moja, ile inayowanyamazisha hata watu wa sebuleni. Juu yao maji yalitua, yakatafuta njia, yakapanda. Sauti ya kitambaa kinachovutwa ilijaa chumba. Fundi alikaa wima, mikono kwenye magoti, kama mtu anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria. Dada Mkubwa alimtazama usoni. Alimtazama bila haraka, kama alivyokuwa anachagua samaki. Mama Sare alimtazama dada yake, na alisikia kifua chake kikipiga filimbi ndogo kila anapovuta pumzi.

Katikati ya mvua, maji yalisimama. Hayakuteremka. Yalisimama tu yalipokuwa, paa zima, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kukawa kimya. Kwenye ungio la mstari wa tatu tone moja lilijitokeza, likajinenepesha, likakatika. Lilianguka katikati ya chumba, pale kiti kilipokuwa kwanza. Likaacha alama sakafuni, ukubwa wa kifungo cha shati.

Wote watatu waliitazama alama.

"Jasho la bati," fundi alisema.

"Ndiyo," alisema Dada Mkubwa.

Juu, maji yalikumbuka, yakaendelea kupanda.

Mvua ilipokatika, ilikatika yote mara moja, na wakasikia pipa la kinyozi likifurika na kinyozi akilalamika kwamba ni la Mama Sare. Dada Mkubwa aliinuka. Aliingia chumbani, akaweka ncha ya fimbo kwenye mguu wa kiti cha fundi, akaiburuta sakafuni kukizunguka kiti, ikachora mstari.

"Kitanda changu kitakaa hapa," alisema. "Kichwa upande wa ukuta. Pale katikati weka meza ndogo, na juu ya meza weka beseni. Beseni zuri, lisiwe la kufulia."

Mama Sare aliangalia mstari, akaangalia kiti, akamwangalia fundi, ambaye alikuwa ameanza kutafuta penseli yake sikioni, na penseli ilikuwepo palepale.

"Kwa hiyo utahamia, dada?"

"Nimeshahamia. Mizigo yangu iko kwa kinyozi tangu asubuhi."

"Na ungeona uso wake haufai?"

"Uso wake sikuuelewa. Nimekielewa kiti." Alikohoa, kidogo. "Nilitaka kujua kama anajua. Anajua. Inatosha kulalia."

Fundi hakusema hamna shida. Aliinama kuchukua begi lake la nyundo.

"Na shule?" Mama Sare alimuuliza.

"Tunamaliza Ijumaa ijayo."

"Hujafika mstari wa pili. Bado unaweza kuanzia chini."

"Walishaona la kwako, mama. Wamesema wanataka kama la kwako." Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja saa. "Mkuu wa shule amesema atasaini asubuhi, kabla ya mawingu."

Mama Sare alifikiria watoto mia nne. Nusu yao walivaa mishono yake. Alifikiria ile pamba nzito anayotumia kwenye makoti, jinsi inavyokunywa maji na kukaa nayo siku mbili. Kulikuwa na kitambaa kingine, chepesi, cha mchanganyiko, kinachokauka kikiwa mwilini. Alijiambia ataagiza marobota matatu Jumatatu, kabla wengine hawajashtuka. Halafu alifikiria kwenda kwa mkuu wa shule na kumwambia kuhusu mawifi, na akaona mapema barua itakayoandikwa, na mwandiko wake mzuri.

Sebuleni watu walianza tena kuzungumza. Mtu mmoja alikuwa anaeleza kwamba mawifi wa fulani nao wanajenga, na wamemwita fundi. Kinyozi aliingia kwa mlango wa nyuma na mafurushi mawili ya Dada Mkubwa kichwani, akauliza ayatue wapi, akaambiwa ndani ya mstari. Aliyatua ndani ya mstari. Hakuuliza mstari wa nini. Harufu ya wali ulioshika chini ya sufuria kidogo, kama inavyotakiwa, ilipita ukumbini.

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni, anavaa viatu. Alifunga kamba ya kushoto polepole, akaifungua, akaifunga tena.

"Wewe," Dada Mkubwa alimwita kutoka chumbani kwake. "Unakwenda wapi?"

"Kazini, mama."

"Umekaa chumbani kwangu mchana mzima hata maji hujanywa. Vua hivyo viatu uingie ule. Na uje na kiti chako. Unajua mwenyewe pa kukiweka."